Zipu ya Mgongoni

Kwa karibu miaka 30 nilikuwa na filamu kichwani isiyo na jina. Nilikuwa naikumbuka kipande kwa kipande. Sokwe mnene anatembea juani kwenye nchi kavu yenye mawe, lakini pale panapotakiwa kuwa na kichwa ana kofia ya chuma kama ya mzamiaji, ina kidirisha mbele na antena mbili juu kama za televisheni. Anaingia pangoni. Pangoni kuna meza, juu ya meza kuna mtambo kama redio ya upepo, na mtambo ule unatoa mapovu ya sabuni. Mapovu kabisa, haya haya ya kufulia. Yanapaa, yanapasuka, na sokwe anasimama katikati yake anaongea na bosi wake aliye sayari nyingine.

Kila niliyemsimulia aliniambia nimeota. Mume wangu alisema ni homa ya malaria ya utotoni. Mimi nilijua sikuota, kwa sababu niliiona Kirumba, Mwanza, mwaka 1995, nikiwa na miaka 10, na nilikuwa nimekalia benchi la mbele kabisa.

Banda lilikuwa la mjomba wangu. Lilikuwa uani kwenye nyumba ya kupanga, hatua chache kutoka njia ya kushukia soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo mchana ndani mlinuka dagaa na usiku mlinuka moshi wa jenereta. Kuta za mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi saba, na mbele televisheni ya inchi 20 iliyopandishwa juu ya kreti za soda. Watoto shilingi 50, wakubwa 100. Siku hizi watu wanayaita mabanda ya aina hiyo vibanda umiza. Sisi tulisema tunakwenda "kwa mjomba", hata wale ambao hawakuwa na undugu naye wowote.

Mikanda ilikuja kwa njia anazozijua mwenyewe, mingine Nairobi, mingine Kampala kupitia Bukoba, na yote ilikuwa imerekodiwa juu ya kilichorekodiwa. Mkanda mmoja unakuta una filamu mbili na nusu, mwanzo umekatwa, jina halipo, halafu katikati linakatiza tangazo la sabuni la nchi za watu. Ndiyo maana sokwe wangu hakuwa na jina. Alianza tayari akiwa pangoni.

Mjomba aliishia darasa la saba, na Kiingereza chake hakikutosha kufuata mazungumzo ya filamu. Hilo halikumzuia. Alisimama kando ya televisheni na fimbo ya kuchungia mkononi, akapunguza sauti mpaka mwisho, akatusimulia. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ya kutafsiri filamu ilijulikana mbali. Sisi tulikuwa na mjomba, na mjomba hakutafsiri. Alikuwa anatunga.

Kwa mujibu wake, yule hakuwa sokwe. Alikuwa Shing'weng'we.

Kama hukukulia Usukumani, Shing'weng'we ni zimwi lililomeza watu wote na mifugo yote ya nchi. Akabaki mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha, akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto akakua, akauliza watu wako wapi, mama akamwambia, akaenda kulitafuta zimwi akaliua. Alipolipasua tumbo watu wote wakatoka wazima. Ila kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja, na bibi yule, badala ya kushukuru kwamba ametolewa tumboni, akaanza kutafuta kisasi. Kila mtoto wa Kisukuma amelala na hadithi hiyo.

Sasa ndani ya ile filamu kulikuwa na mvulana. Walimwengu wote wameshauawa, imebaki familia moja na watu wawili watatu wamejificha kwenye magofu, na mvulana yule anatoka peke yake kwenda kumkabili adui. Mjomba akamgusa usoni kwa fimbo pale kwenye kioo, taratibu, akasema: "Huyu hapa Masala Kulangwa." Banda zima likapiga kelele. Mwisho watu waliokufa tunawaona tena wapo hai, na mjomba akasema wametoka tumboni. Kulikuwa na mama mmoja kwenye picha, akamwonyesha kwa fimbo: "Sikio lake mlitazame vizuri." Tulisimama juu ya mabenchi kulitazama sikio.

Jina nimelipata mwaka jana. Nina binti ninayemfundisha cherehani, ana miaka 19, na siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, mashine ya ovaloki imelala, tunashona kwa mguu huku tunapiga hadithi. Nikamsimulia sokwe wangu. Hakucheka. Akachukua simu akaandika maneno matatu ya Kiingereza, gorila, kofia, mapovu, akanigeuzia kioo: "Anti, ni huyu?"

Nilikaa chini.

Inaitwa Robot Monster, ya mwaka 1953. Mwongozaji ni Phil Tucker, aliipiga kwa siku nne na bajeti ya dola zipatazo 16,000, na lile pango ni la Bronson Canyon, ndani ya Los Angeles, ambako filamu nyingi za bei rahisi zimepigwa kwa sababu ni karibu na mjini. Tucker alitaka roboti. Vazi la roboti lilimshinda bei. Akamjua bwana mmoja anaitwa George Barrows, ambaye alikuwa na vazi lake la gorila. Miaka ile Hollywood ilikuwa na watu ambao riziki yao ilikuwa hiyo: vazi la gorila ni lako, unakodishwa wewe pamoja nalo. Barrows akaja na manyoya yake, wakamvika kofia ya anga, roboti akapatikana. Mtambo wa mapovu nao ulitajwa kwenye orodha ya waliohusika, pamoja na kampuni iliyoutoa, kama ambavyo ungemtaja mwigizaji.

Tuliitazama yote, mimi na binti, kwenye simu iliyoegemezwa kwenye boksi la nyuzi. Safari hii na sauti yake mwenyewe. Na mimi sasa si mtoto wa miaka 10, ni fundi wa miaka 20 kazini, kwa hiyo nilitazama kwa jicho la mkasi. Vazi lile ni kazi ya fundi hodari wa mikono. Manyoya yamelazwa yaelekee chini, kifua kimejazwa ili kisilegee anapoinama, na kwapani pameachwa nafasi ya mkono kupanda bila kuvuta kiuno. Hiyo nafasi ya kwapani ndiyo inayowashinda wanafunzi wengi. Aliyelishona alijua kwamba mtu atavaa hili na kupanda mlima nalo juani, na ndivyo alivyofanya, filamu nzima anapanda na kushuka mlima.

Halafu kuna kipande ambacho utotoni hakikunifikia, maana mjomba alikuwa anasimulia jambo lingine kabisa juu yake. Sokwe ameagizwa amuue msichana. Hataki. Anasimama peke yake, ndani ya manyoya na chuma, uso hauonekani, anasema hawezi, halafu anasema hana budi, na anajiuliza ni mahali gani kwenye grafu panapokutana "lazima" na "siwezi". Muziki chini yake ni wa Elmer Bernstein, huyo huyo ambaye miaka mitatu baadaye alitunga muziki wa filamu ya Amri Kumi ambayo televisheni hazikosi kuirudia kila Pasaka. Binti aliacha kusokota uzi. Mimi machozi yalinilenga. Unamwona mtu aliyevaa gorila, unajua ni mtu aliyevaa gorila, na unamhurumia gorila.

Tangu hapo nimekuwa nazitafuta filamu za namna hii kila usiku nikishafunga kazi, na nimefika mahali nina maneno ya kusema juu yake. Watu wanaziita takataka zinazochekesha, wanasema zinadumu kwa sababu binadamu tunapenda kumcheka aliyeshindwa. Sikubaliani hata kidogo. Wanaoshindwa ni wengi na hatuwakumbuki. Filamu hizi zinadumu kwa sababu zinakuachia kazi. Filamu iliyokamilika, ya mamilioni, inakufikia imefungwa kila upande, wewe ni kukaa tu na kupokea. Hii ya mapovu ya sabuni haijamaliza kushonwa. Mwenye filamu amekwenda mpaka hela zilipoishia, pale akakupa ncha ya uzi, umalizie wewe. Ukishamalizia, nusu ya nguo ni yako, na nguo yako huitupi.

Tazama Dark Star ya mwaka 1974, ya John Carpenter akiwa bado kijana, iliyoanza kama kazi ya chuo. Wanaume wanne wamechoka ndani ya chombo cha angani, nywele na ndevu timutimu, kazi yao ni kulipua sayari. Wana mnyama wa sayari ya mbali waliyemfuga. Mnyama mwenyewe ni mpira wa ufukweni, ule wa kupuliza kwa mdomo, uliopakwa rangi na kuwekewa miguu yenye makucha. Basi. Unauona ni mpira. Na yule anayemfukuza mpaka kwenye shimo la lifti, akining'inia huku mpira unamtekenya, ni Dan O'Bannon, aliyeandika filamu pamoja na Carpenter. O'Bannon baadaye aliliandika upya wazo hilo hilo la mnyama mgeni ndani ya chombo, safari hii la kutisha, ikawa Alien ya mwaka 1979, filamu ambayo dunia nzima inaijua. Alien ni kubwa, sibishi. Ila ukiniuliza ni mnyama yupi ninayemkumbuka nikiwa napiga pasi, ni mpira. Na pale mwisho ambapo mtu anavaa nguo za anga, anatoka nje ya chombo kwenda kubishana falsafa na bomu linalotaka kulipuka, anajaribu kuliuliza lina uhakika gani kwamba amri limeipata kweli, nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Bomu linafikiri. Linasema litatafakari.

Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood nayo niliifuata kwa sababu wengi wanaitaja kuwa filamu mbaya kuliko zote, na mwaka 1980 ilipewa kabisa tuzo ya ubaya huo. Ninachokiona mimi ni msiba. Wood alikuwa amepiga vipande vichache vya rafiki yake Bela Lugosi, mzee aliyewahi kumwigiza Dracula, yule mnyonya damu, halafu mzee akafariki Agosti 1956. Wood hakuvitupa vile vipande. Akaijenga filamu kuvizunguka, na sehemu zilizobaki akamvalisha joho daktari wa maungo wa mkewe, akamwambia ajifunike uso kwa kitambaa ili asitambulike. Daktari ni mrefu kuliko Lugosi. Kila mtu anaona. Filamu nzima anatembea na mkono umenyanyua joho mpaka puani. Mimi nikiona lile joho ninaona mtu aliyekataa kumfuta rafiki yake, na alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kipande cha kitambaa.

Attack of the Killer Tomatoes ya mwaka 1978 sitaisema sana. Nyanya zinaua watu, wimbo wake hautoki kichwani, na inachosha kuanzia katikati. Ila ina helikopta iliyoanguka kweli wakati wa kupiga picha. Waliokuwa ndani walinusurika, kamera ilikuwa inazunguka, na watengenezaji wakakiacha kipande kile ndani ya filamu wakakitungia maneno. Mtu wa bajeti ndogo hatupi kitu.

Ile ya vikaragosi, yaani wachekeshaji wa sarakasi, Killer Klowns from Outer Space ya mwaka 1988, naijua tangu banda la mjomba, na hii nitaisema. Ndugu watatu wa ukoo wa Chiodo waliitengeneza, na wao kazi yao ya asili ilikuwa vinyago na midoli, kwa hiyo sura za wale vikaragosi ni za mikono yao. Chombo chao cha angani ni hema la sarakasi. Wanawafunga watu ndani ya ile sukari inayosokotwa kama pamba, wanawatundika, wananyonya kwa mrija. Wana mbwa aliyekunjwa kwa baluni anayenusa njia. Na wana bunduki inayofyatua bisi.

Bisi! Kwenye mlango wa mjomba alikaa mvulana mmoja anauza bisi kwenye vikaratasi vya daftari vilivyosokotwa, shilingi 10. Tuliingia kila mmoja na kikaratasi chake. Kwenye kioo bunduki ikafyatua, bisi zikamwagika, halafu bisi zikaanza kutembea, zikaota vichwa vyenye meno. Mjomba hakusema neno. Aliacha kusimulia, akatugeukia, akavitazama vikaratasi vyetu kimoja kimoja. Nilikuwa na bisi mdomoni. Nakumbuka ulimi wangu ulivyosimama, nasikia zile ncha ngumu za mahindi, sijui niteme au nimeze. Msichana aliyekaa kulia kwangu alikiweka chake chini ya benchi polepole sana, kama mtu anayeweka yai. Baadaye mjomba alimlipa yule mvulana hasara yake yote, maana wiki nzima hakuna aliyenunua.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba kule New York tangu mwaka 1976 watu wamekuwa wakienda usiku wa manane kutazama The Rocky Horror Picture Show wamevaa kama wahusika, wanaijibu filamu kwa sauti, wanarusha mchele kwenye harusi ya mwanzoni, na wengine wamekwishaiona mara mia, sishangai. Wale ni watu wa banda. Wangeletwa Kirumba wangejua pa kukaa.

Zipo ninazozikataa. Kuna filamu za miaka hii zinazotengenezwa mbovu kwa makusudi, kama Sharknado ya mwaka 2013, papa wanabebwa na kimbunga. Niliitazama mpaka mwisho na sikupata pa kushika. Uzi uliolegea umelegezwa kusudi, na mtu aliyeulegeza anakuangalia kama umeuona. Mteja akiniletea gauni akasema nimshonee pindo lipinde ili wenzake wacheke, nitamwambia aende kwa mwingine. Vikaragosi wa Chiodo wanachekesha na walikusudiwa kuchekesha, lakini kila mshono wa barakoa zile umeshonwa na mtu aliyetaka iwe nzuri. Hapo ndipo mimi ninapotenganisha.

Lipo jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa andiko hili.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama asubuhi ikiwa inakaribia Mwanza. Sina haja ya kueleza, aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo aende makaburini Igoma akasome majina. Mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na mtu wake au mtu wa jirani yake. Mjomba alifunga banda, magunia yakabaki madirishani, jenereta likafunikwa turubai. Watu wazima walishinda ziwani. Sisi watoto tulikuwa tunaokota maneno, na neno lililokuwa mdomoni mwa kila mtu lilikuwa wazamiaji. Wazamiaji wanakuja, wazamiaji wamefika, wazamiaji wamesema. Nilikuwa na miaka 11, na mzamiaji niliyemjua mimi alikuwa mmoja tu. Usiku nilikuwa namwona akitembea chini ya maji na manyoya yake, kidirisha usoni, antena mbili, anamulika, anatafuta. Sikuogopa. Nilimwomba awapate.

Banda lilifunguliwa baada ya wiki nyingi. Siku ya kwanza tulikuwa watoto wachache, hakuna aliyepiga kelele. Akaingia mzee mmoja wa dagaa, jirani yetu, aliyekuwa amempoteza mke na mtoto. Hakuwahi kukanyaga banda lile hata siku moja, alikuwa akisema ni uhuni. Alikaa benchi la mwisho, akamwambia mjomba: "Baba, niwekee yule wa kofia ambaye watoto wanamsemasema."

Mjomba aliweka. Alisimulia kwa sauti ya chini kuliko kawaida. Yalipoanza kutoka mapovu nilisikia nyuma kitu kama kikohozi. Nikageuka. Mzee alikuwa anacheka, mkono umeziba mdomo, mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na hakuyafuta. Mjomba alifika pale ambapo watu wanarudi wazima, na fimbo yake ikasimama hewani. Nadhani alitaka kuruka. Mzee akasema kutoka nyuma, "Endelea, baba." Akaendelea. Wametoka tumboni, wote.

Sijui filamu gani nzuri, iliyokamilika, ingeweza kuingia katika chumba kile siku ile. Ingekuwa na majibu yake tayari. Sokwe wa siku nne na dola 16,000 alikuwa mtupu kiasi cha mzee kuweka chake.

Ng'ambo ya ziwa wameendelea na kazi hii. Kule Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. ameshatengeneza filamu nyingi kwa hela ya mboga, na ile iliyomtangaza duniani, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ipo YouTube bure. Si ya sayari wala vyombo vya anga, ni ya makomando, bunduki zimechomelewa kwa vyuma chakavu na helikopta zimechorwa kwenye kompyuta. Lakini kuna sauti juu ya filamu. VJ Emmie anaongea mwanzo mpaka mwisho, anawatania waigizaji, anakushangilia wewe mtazamaji, anatabiri nani atakufa. Wazungu wanaotazama wanadhani ni ubunifu wa ajabu. Mimi dakika ya kwanza tu nilinusa moshi wa jenereta.

Mwezi Novemba nilipata oda ya mahafali ya chekechea, mavazi sita ya wanyama. Nilishona simba kwa blanketi la mtumba, bitana ya khanga ndani ili mtoto asiwashwe, mkia nikaujaza vipande vya sponji. Zipu niliiweka mgongoni, wazi, ya manjano, kwa sababu mtoto wa miaka mitano akibanwa na haja mwalimu asihangaike kuitafuta. Siku yenyewe simba alinguruma, akageuka kuondoka, wazazi wote wakaiona zipu. Walishangilia kwa nguvu kuliko waliposikia ngurumo. Bibi mmoja alinyanyuka akaenda kuifunga vizuri, maana ilikuwa imeshuka kidogo, akampiga simba kibao cha mapenzi mgongoni akarudi kukaa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na pini mdomoni. Nilitaka kumwonyesha mtu, na mtu huyo alikuwa mjomba.

Mjomba sasa yuko Misungwi, analima mpunga kidogo, magoti yanamsumbua. Banda aliliuza zamani. Jumapili iliyofuata nilipanda basi na yule binti, tukiwa na simu imejaa chaji na filamu imeshapakuliwa. Tulimkuta chini ya mwembe. "Mwangaluka, mjomba." Akaitikia, akauliza habari za kazi na za watoto, akamwita mjukuu alete uji. Sikumwambia kitu. Nikaiegemeza simu kwenye kikombe mbele yake, nikabonyeza.

Sokwe akatokea pangoni. Mjomba akainama mpaka pua ikaribie kioo. Akakaa hivyo kitambo, midomo inacheza bila sauti. Kwenye simu watu wanaongea Kiingereza chao, mapovu yanapanda. Akanyoosha mkono pembeni bila kutazama, akapapasa, akaipata fimbo yake ya kutembelea.

"Mama," akaniambia, "hebu punguza hiyo sauti."